Mashahidi wa Mambo ya Kale

Mimi ni mwalimu mzee, nimestaafu, nakaa katika kijiji kimoja cha pwani ya Ziwa, mashariki ya mji wa Mwanza. Siku hizi kazi yangu ni bustani ya nyanya, na kujibu maulizo ya watoto wa shule wapitao njiani. Leo nataka kuwasimulia habari ya ulizo moja lililonikuta sina jibu, ingawa mtu aliyepasiwa kuwa na jibu lile nalikuwa mimi.

Wakati wa likizo alikuja kwangu binti mmoja wa kidato cha tatu. Akapiga hodi, akanipa shikamoo, akaketi mkekani na kufungua daftari lake. Mwalimu wao wa historia alikuwa amewapa kazi: kila mwanafunzi aandike habari za kale za mahali pake, wala asinakili katika vitabu vya darasani, ila atafute mwenyewe vyanzo vya msingi. Neno hili lilikuwa limemtisha. Akaniuliza, “Mwalimu, vyanzo hivyo vinauzwa wapi?”

Nalicheka, kisha nikaona haya kwa kucheka kwangu, maana nalifundisha miaka mingi wala sikumweleza mwanafunzi wangu hata mmoja neno hilo lina maana gani. Basi nikamwambia hivi. Wazee wakikaa barazani kuamua shauri la ng'ombe walioingia shamba la mtu, huuliza kwanza, nani aliona? Yule aliyeona kwa macho yake ndiye shahidi wa kwanza. Yule aliyeambiwa na shemeji yake ni shahidi wa pili. Huenda akasema kweli, walakini maneno yake yamekwisha pita katika kinywa kingine. Na nyayo za ng'ombe zilizobaki shambani nazo ni shahidi wa kwanza, ijapokuwa hazina kinywa. Mambo ya kale ni vivyo hivyo. Barua, kitabu cha hesabu, kaburi, ngoma ya mtemi, mzee aliyekuwapo jambo lilipotendeka, hao ndio mashahidi wa kwanza. Kitabu cha darasani kilichoandikwa miaka mia baadaye ni shahidi wa pili. Hata Luka alipoanza Injili yake alisema waziwazi ya kwamba habari hizo zilitoka kwa walioona. Hakujifanya kuwa yeye alikuwapo.

Yule binti akafikiri, kisha akasema, “Lakini, Mwalimu, hata aliyeona kwa macho yake aweza kusema uongo.”

Nikampenda kwa neno lile. Nikamtolea mfano wa hapa kwetu. Siku ya tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza mmoja, jina lake John Hanning Speke, alipanda kilima karibu na Mwanza akaliona Ziwa. Mwenzake, Burton, alikuwa amemwacha Tabora. Speke alikaa hapa siku chache tu, akarudi, na kwa siku hizo chache akawatangazia watu wa kwao ya kwamba ameona chimbuko la mto Nile. Katika kitabu chake, kilichochapwa mwaka 1864, asema alimwuliza mwenyeji mmoja, msafiri mkubwa kuliko wote wa mahali pale, Ziwa hili laenea hata wapi. Yule mtu akageukia kaskazini, akatikisa kichwa, akarusha mkono mbele mara nyingi na kualika vidole, akajibu ya kwamba hapana ajuaye, lakini kwa mawazo yake labda lafika mwisho wa dunia.

Sasa, tazama. Speke hakujua Kisukuma. Mfasiri wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, na wao wawili walisemezana kwa Kihindi kisicho sawasawa. Kwa hiyo neno la mtu wa Mwanza, kabla ya kufika katika kitabu, lilivuka lugha mbili tatu kama mtu avukaye mito kwa kukanyaga mawe. Jina la mtemi, Mahaya, limeandikwa. Jina la Mwarabu aliyekuwako, Mansur, limeandikwa. La yule msafiri aliyealika vidole halikuandikwa. Kitabu kile ni shahidi wa kwanza kwa habari za Speke na mawazo yake. Kwa habari za yule msafiri, hata sijui tukiite shahidi wa ngapi. Walakini mimi naamini vidole vile vilialikwa kweli, kwa sababu wazee wetu hufanya vivyo hivyo hata leo wakitaka kusema jambo la mbali sana.

Stanley naye alifika Kageye tarehe 27 Februari 1875, akalizunguka Ziwa katika mashua yake. Kila siku aliandika habari katika daftari la safari, na mwaka 1878 akatoa kitabu kikubwa. Daftari lile lenyewe lilichapwa mwaka 1961, na mwenye kuviweka viwili hivyo pamoja huona ya kwamba maneno yaliyoandikwa jioni na mtu aliyechoka, na maneno yaliyoandikwa ili yauzwe, hayalingani sikuzote. Yule binti alipiga mstari chini ya jambo hili.

Ndipo akanieleza ulizo lake mwenyewe. Juu ya ukuta wa shule yetu ya msingi kuna maandishi ya rangi yasemayo shule ilianzishwa mwaka 1962. Lakini bibi yake, mzaa mama yake, ambaye sasa amekaribia miaka themanini, sikuzote husema ya kwamba shule ile ilianzishwa na baba yake, kabla ya mwaka huo, na ya kwamba baba yake ndiye aliyetoa kiwanja. Watu humcheka. Husema kila mzee hudai baba yake alianzisha kitu. Binti alitaka kujua ukweli, naye aliona njia ni nyepesi. Akasema, “Nimesikia shule za misheni zilikuwa na daftari ambamo mwalimu mkuu aliandika mambo ya kila siku. Mwalimu, wewe ulifundisha pale. Daftari la shule yetu liko wapi?”

Nalinyamaza. Kuku walipita mlangoni, nikawatazama.

Wasomaji, daftari lile naliliteketeza mimi kwa mkono wangu. Ilikuwa mwaka 1977, Serikali ilipoamuru watoto wote waingie shule. Nalikuwa kijana, nimetoka chuoni karibuni, na watoto walikuja wengi kama kumbikumbi wakati wa mvua, wala hatukuwa na vyumba. Kulikuwa na ghala, na ndani yake masanduku ya karatasi za tangu zamani za misheni, kabla shule hazijatwaliwa na Serikali kwa sheria ya 1969. Mchwa walikuwa wamekula pembe za masanduku. Nikaambiwa ghala litolewe vitu ili liwe darasa. Naliambiwa kutoa, sikuambiwa kuchoma. Hilo la kuchoma lilikuwa shauri langu mwenyewe, kwa sababu kuchoma ni kwepesi kuliko kubeba. Moto uliwaka siku mbili. Daftari la habari za shule lilikuwa na jalada jeusi. Nakumbuka nalilifunua ukurasa wa kwanza, nikaona wino wa zambarau, nikasema moyoni, haya ni mambo ya wakoloni, nikalitupa. Baada ya hapo yapata miaka hamsini hapana mtu aliyeniuliza habari zake, nami nikadhani jambo limekwisha.

Nalimwambia yule binti yote. Hakunilaumu. Labda ingalikuwa afadhali angalinilaumu. Akauliza tu, “Basi tuanzie wapi?”

Nalimtajia kwanza mahali pakubwa, ingawa nalijua nauli yake haifiki huko. Kuna Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zenye mafaili ya Wadachi na ya Waingereza, nazo zina tawi lake hapa Mwanza. Humo utaona na Vitabu vya Wilaya, ambamo mabwana shauri waliandika habari za watemi, mila, njaa na mipaka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina karatasi za Hans Cory, aliyekusanya mila za Wasukuma na makabila mengine. Huko Bujora, karibu na Kisesa, zimewekwa ngoma za watemi na vyombo vya kale. Na Mapadre Weupe waliamriwa na Kardinali Lavigerie, mwanzishi wa shirika lao, kwamba kila nyumba yao iandike shajara ya kila siku. Nyingi za shajara hizo zimehifadhiwa Roma, kwa Kifaransa. Binti akaandika yote, kisha akasema, “Roma ni mbali. Je, hapana kitu kilicho karibu?”

Naam, kilikuwapo. Lakini niruhusuni kwanza niseme kidogo juu ya karatasi iliyookoka, maana tangu siku ile naifikiri sana. Ng'ambo ya maji, katika kisiwa cha Ukerewe, aliishi mtu aitwaye Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896. Alijua kusoma lugha nyingi, akapenda kuwasikiliza wazee wake na kuandika. Mwaka 1945 alimaliza kitabu kirefu kwa Kikerewe, habari za Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, na ndani yake mila za kulima, kuoa, kuuguza na kuzika. Hakupata mchapishaji. Mzee mwenyewe akakifasiri kwa Kiswahili, na kitabu kikachapwa mwaka 1980, baada ya miaka 35. Mwaka 1981 akafariki dunia. Miaka yote hiyo karatasi zile zilikuwa na mchwa wao na mvua zao, kama zangu. Tofauti ni kwamba zilikuwa na mtu wa kuzilinda.

Basi, tulikwenda kwanza parokiani kuomba ruhusa ya kutazama kitabu cha ubatizo. Katika kitabu kile kila mstari una jina la mtoto, la baba, la mama, kijiji, siku ya ubatizo, na jina la msimamizi, na maneno mengine ni ya Kilatini. Yule binti hakujua Kilatini, nami najua kile cha Misa tu, lakini majina ni majina. Tulilikuta jina la baba wa bibi yake mara nyingi, mwaka hata mwaka, akisimamia watoto wa kijiji chetu, na mahali pawili baada ya jina lake limeandikwa neno la katekista. Kwa hiyo tulijua ya kwamba alikuwako, na kazi yake, na miaka yake. Neno la shule halikuwamo hata mara moja.

Binti akahuzunika. Akasema, “Hawakumwita mwalimu. Basi hakuwa mwalimu.”

Nikamkataza kukata shauri upesi. Nikamkumbusha habari ya meli ya MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Watu wa umri wangu hatutaisahau siku ile. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wale wa daraja la tatu hawakuandikwa. Je, mtu aseme hawakuwamo melini? Orodha husema habari za yule aliyetaka kuandika, na jambo alilotaka kulijua. Padre aliyeandika ubatizo alitaka kujua ubatizo.

Tukaenda kwa bibi. Alitupokea vizuri, akatupa viti na maziwa, lakini tulipotaja karatasi akasema hana karatasi, yeye si msomi. Mjukuu wake akauliza kwa upole, “Bibi, na lile sanduku la bati?” Ah, lile lina risiti tu, akasema, takataka za marehemu baba. Likatolewa chini ya kitanda. Zilikuwamo risiti za kodi zilizofungwa kwa uzi wa katani, picha moja iliyofifia hata nyuso hazionekani, na risiti ya pamba ya msimu wa 1956, ya chama cha ushirika. (Vijana hawajui fahari tuliyokuwa nayo siku zile, shirikisho la vyama vya pamba vya pwani hii liliundwa mwaka 1955, na kabla ya hapo mkulima alipimiwa na mizani ya mnunuzi, akaenda zake akinung'unika.) Nami naliisoma risiti upande wa mbele, uzito na shilingi, nikairudisha. Yule binti akaigeuza.

Nyuma yake kulikuwa na maandishi ya kalamu ya risasi. Majina ya watoto kumi na tisa, moja chini ya jingine, na mbele ya kila jina vijistari vidogo, vingine vimekatwa msalaba. Nimefanya kazi ile maisha yangu yote, naliijua mara moja: ni orodha ya mahudhurio. Mtu asiye na daftari alikuwa amewaita watoto wake majina kwa karatasi ya pamba.

Binti akamsomea bibi yake majina pole pole. Kwa jina la kwanza bibi alisema, huyo amekufa. La pili, huyo alikwenda Geita. La tatu hakulikumbuka. Jina la nne liliposomwa hakusema kitu. Lilikuwa jina lake mwenyewe, la utoto, lisilotumiwa na mtu tena. Tukangoja. Mwishowe akasema, “Vijistari vyangu ni vingapi?” Vilikuwa vichache. Akasema ni kweli, alikaa chini ya mti ule siku chache, kisha mama yake alijifungua, naye akarudishwa nyumbani kulea mtoto. Sikupata kumsikia akisema jambo hilo, nami nimeishi naye kijiji kimoja tangu ujana wangu.

Ilibaki habari ya mwaka 1962 ulioandikwa ukutani. Huo alitufumbulia mzee mmoja mvuvi. Alisema shule ya kwanza haikuwa kilimani ilipo sasa. Ilikuwa chini, karibu na maji, nyumba ya udongo juu ya mawe, imeezekwa nyasi. Ziwa likaja likaichukua, ndipo wakajenga juu. Tukamwuliza, mwaka gani? Akasema, mwaka wa maji. Hapa, wasomaji, ndipo naliona uzuri wa kuwakutanisha mashahidi wawili wasiojuana. Kina cha Ziwa letu kimepimwa na kuandikwa tangu mwaka 1896, na vipimo hivyo vyaonyesha ya kwamba baada ya mvua kubwa za mwisho wa 1961 maji yalipanda zaidi ya mita mbili hata kufika 1964. Mzee hakupata kuuona vipimo hivyo, wala wapimaji hawakumjua mzee. Akaongeza ya kwamba mwaka 2006, Ziwa lilipokauka sana, aliyaona tena mawe ya ile nyumba, akafunga mtumbwi wake hapo. Mwaka 2020 maji yalirudi juu, na mawe hayaonekani. Kwa hiyo mwaka wa ukutani ni mwaka wa kuhama, si wa kuanza.

Ningependa kumaliza hapa, maana hapa kila mtu angefurahi. Lakini mzee yule alisema na neno jingine. Alisema kiwanja cha shule ya chini hakikuwa cha katekista. Kilikuwa cha ukoo wa wavuvi, wa baba yake yeye, na mwanangwa alikuwa shahidi wa kukitoa. Tulitafuta karatasi ya jambo hili, hatukupata. Binti aliandika yote mawili: bibi asema hivi, mzee asema hivi, karatasi haikuonekana.

Aliposomewa, bibi alikasirika. “Unaniandika kuwa mimi mwongo, mjukuu wangu?”

“La, bibi,” akajibu. “Nimeandika maneno yako yote, na jina lako chini yake. Na ya babu mvuvi nimeyaandika, na jina lake.”

Bibi aligeuza uso, hakumjibu siku ile. Siku ya tatu alimtuma mtoto kumwita, akasema asomewe tena, tangu mwanzo, na orodha ya majina isirukwe.

Kazi ilipokaribia kwisha, binti alirudi kwangu mara ya mwisho. Nalidhani amekuja kuaga. Akaketi mkekani, akafungua ukurasa mpya, akasema, “Mwalimu, sasa zamu yako. Daftari lile lenye jalada jeusi, waliolifungua wengine wote wamekufa. Umebaki wewe. Kwenye ukurasa wa kwanza uliona nini?”

Nalimwambia habari ya wino wa zambarau. Nalimwambia mwandiko ulilala kwa kuume, na kwamba juu palikuwa na tarehe nisiyoisoma. Nakumbuka neno moja, mvua. Sijui ni mvua gani.

“Na jina la mwalimu? Uliliona?”

Nawaambieni kweli, jina la baba wa bibi yake lilikuwa juu ya ulimi wangu. Nalimfikiri yule mama mzee, na watu waliomcheka, na vijistari vyake vichache. Nani angenipinga? Karatasi ni majivu, nami ndiye shahidi wa pekee. Nikajaribu kuuona ukurasa ule tena, nikauona moto tu.

Nikasema, “Sikumbuki.”

Akaandika, “Hakumbuki.” Kisha akanigeuzia daftari, akanipa kalamu, nami nikatia tarehe na sahihi yangu chini ya neno lile.